Paa la Chuma, Turubai, na Gari Ambalo Bado Halijafika

YOHANA: Mbukwenyi! Karibuni kipindini, hapa Dodoma. Mimi ni Yohana, na hapa ubavuni yupo dada Neema, ambaye leo ameingia na sura ya mtu aliyetoka vitani.

NEEMA: Si vitani, Nkuhungu. Nimekuja na bajaji, upepo ukatukuta njiani, sasa hivi meno yangu yanasaga mchanga. Halafu nafika, mtu kajikalia na maji yake baridi, ananiambia leo tunazungumzia magari yasiyo na paa.

YOHANA: Paa yanayo, dada. Yanafunuka tu.

NEEMA: Haya, yanafunuka. Tuambie kilichokunyima usingizi.

YOHANA: Ni picha. Mwaka 2023, kwenye maonyesho ya magari kule Tokyo, Daihatsu walionyesha gari walilolipa jina la Vision Copen. Copen yenyewe wengi mnaijua, kile kigari cha viti viwili, cha mviringo mbele na nyuma. Ya kwanza ilitoka 2002, injini ya cc 659 yenye turbo, urefu haufiki hata mita tatu na nusu. Ukibonyeza swichi, paa la chuma linajikunja lenyewe na kuingia kwenye buti.

NEEMA: Hicho kigari nimewahi kukiona kimepaki kati ya V8 mbili. Nikafikiri moja imezaa.

YOHANA: [anacheka] Cheka tu. Sasa hili la maonyesho limekua. Injini ni cc 1300, urefu karibu mita 3.8, na kubwa kuliko yote, linasukumwa na magurudumu ya nyuma. Copen zote mbili zilizotangulia zilikuwa zinavutwa na ya mbele. Kwa mtu anayependa kona, hiyo ni habari nyingine kabisa. Na paa bado ni lile la kujikunja.

NEEMA: Bei?

YOHANA: Bei bado. Ni gari la maonyesho.

NEEMA: Kwa hiyo umempenda binti ambaye hajazaliwa, na mahari umeanza kuchanga.

YOHANA: Na kwa upande wa Mazda nako wako kazini na MX-5 mpya, nacho kigari cha wazi cha viti viwili. Hiyo iliyopo sasa ni ya 2015, ni muda wake.

NEEMA: Yohana, ngoja nikupigie hesabu, maana wewe ukiona picha hesabu zinakukimbia. Tuseme hilo gari linaanza kuuzwa mwakani. Mjapani wa kwanza analinunua, anaendesha miaka saba au minane, anachoka nalo, linaenda mnadani, linapanda meli, linafika Dar. Hapo wewe ndiyo unafungua kikokotoo cha TRA uone kodi. Kama limechelewa kidogo, unaongezewa na ushuru wa uchakavu. Sisi gari jipya tunalisubiri mara mbili. Mara ya kwanza pamoja na dunia nzima, mara ya pili peke yetu.

YOHANA: Ni kweli, lakini...

NEEMA: Sijamaliza. Maana yake paa hutalikuta likiwa jipya. Utalikuta lina umri wa mtoto wa darasa la tatu. Wale wanaoandika sifa zake kule wamelijaribu likiwa na wiki mbili, raba zote laini, mota zote zinaitika. Wewe mimi nakuuliza, likifika hapa limeshachoka, nani atalifungua?

YOHANA: Haya, hapo umenipeleka kwenye mada yenyewe. Wasikilizaji, kwa wasiojua, dada Neema amekulia chini ya cherehani.

NEEMA: Kabisa. Baba anashona maturubai ya malori na viti vya magari pale Majengo tangu mimi sijazaliwa. Na turubai za bajaji pia. Watu wanasahau kuwa bajaji ni gari la wazi. Ina fremu ya chuma, juu turubai, pembeni hakuna kitu. Wewe kila siku unapanda gari la wazi kwa shilingi elfu mbili, halafu unakuja hapa kulilia Ujapani.

YOHANA: [anacheka] Haina turbo.

NEEMA: Ila paa lake likichanika leo, kesho linatembea. Hicho ndicho ninachosema. Turubai ni kitambaa, uzi, fremu na waya wa kuvutia. Fundi akipewa la zamani analifumua, anapata vipimo, anakata, anashona. Paa la chuma la kujikunja lina nini? Lina pampu, mipira ya mafuta, mota, swichi za kila kona. Kimoja kikigoma, vyote vinagoma.

YOHANA: Lakini wazo lenyewe si jipya, na hapa nina kisa nakipenda. Mmoja wa waliolibuni paa la chuma la kujikunja hakuwa hata fundi magari. Ni Mfaransa, Georges Paulin, daktari wa meno.

NEEMA: Wa meno!

YOHANA: Wa meno. Akachora paa linalorudi nyuma na kulala kwenye buti, Peugeot wakalitumia mwaka 1934 kwenye gari la 401 Eclipse. Na huyo bwana, vita vilipokuja, aliingia kwenye upinzani dhidi ya Wajerumani. Walimkamata wakampiga risasi mwaka 1942.

NEEMA: Maskini.

YOHANA: Baadaye Ford wakaja na lao, Skyliner, 1957 hadi 1959. Mota saba kwa ajili ya paa peke yake, na waya zaidi ya mita 180.

NEEMA: Mita 180! Hizo waya unaweza kuzivuta kutoka hapa hadi dukani kwa Mangi na chenji ikabaki. Na walitengeneza miaka mitatu tu wakaacha, si ndiyo? Siulizi kwa nini.

YOHANA: Lilikuwa ghali, zito. Hilo nakubali. Ila Mercedes walipoliweka kwenye SLK mwaka 1996, kila mtu akalitaka. Ghafla ukawa na gari mbili ndani ya moja. Ukilifunga, ndani kimya, hakuna mtu wa kukuchania paa kwa wembe aibe redio. Hilo la wembe mbona hulisemi?

NEEMA: Nalisema. Wembe ni ugonjwa wa turubai, sikatai. Na jua. Hapa kwetu jua la utosi tunalipata mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, na hiyo Oktoba hakuna hata wingu la kuombea. Rangi inapauka. Lakini nikuambie kitu ambacho baba huwa ananionyesha. Kitambaa chenyewe huwa hakifi kwanza, kinachokufa ni uzi. Jua linaukausha, mshono unaachia, mtu anadhani turubai limekwisha. Likishonwa upya kwa uzi wa maana linaendelea. Kingine ni kile kioo cha plastiki cha nyuma. Kinakuwa cha njano, kinakakamaa, halafu mtu anakikunja asubuhi ya baridi ya Julai, kwaa!

YOHANA: MX-5 za mwanzo, zile za 1989, zilikuwa na cha plastiki. Kizazi cha pili, 1998, wakaweka kioo halisi.

NEEMA: Waliona aibu.

YOHANA: Na hiyo ya sasa turubai lake unalifungua kwa mkono mmoja umekaa. Unafyatua kifungio, unalisukuma nyuma, basi. Ila wana na ile nyingine, RF, paa gumu la vipande vitatu linalojikunja kwa sekunde kama 13, na lazima uwe unaenda chini ya kilomita kumi kwa saa.

NEEMA: Sekunde 13 kwenye barabara ya Dodoma kwenda Morogoro, chini ya kilomita kumi, nyuma yako basi. Hapo utajua dereva wa basi ana msamiati gani.

YOHANA: Unapaki pembeni!

NEEMA: Haya, sasa wasimulie ya zabibu. Usijifanye umesahau.

YOHANA: Aah, dada.

NEEMA: Simulia.

YOHANA: Sawa. Kuna jamaa yetu, jina tunaliacha, aliagiza Copen ya 2003. Nzuri, nyeupe, imetunzwa. Mwezi wa nane tukaenda nayo Makutupora, msimu wa zabibu ule. Tumeenda wazi, raha mustarehe, watoto barabarani wanatushangilia. Tukanunua ndoo mbili za zabibu. Za kuweka wapi? Buti lote limejaa paa.

NEEMA: Endelea.

YOHANA: Tukafunga paa, nafasi ikapatikana, ndoo zikaingia. Sasa jua limeshuka, saa kumi na moja na nusu, hewa ile nzuri ya jioni, ndiyo saa yenyewe ya kwenda wazi. Ukifungua, paa linataka kurudi mahali ilipo mizigo. Kwa hiyo tukawa tunachagua, paa au zabibu.

NEEMA: Na mkachagua nini?

YOHANA: Ndoo mimi nikazipakata. Zote mbili. Paa likaanza kufunguka, likafika katikati, likasimama. Limesimama wima hivi, kama boneti ya gari lililoharibika, ila ni juu ya vichwa vyetu. Kubonyeza, halisikii. Tukasubiri, tukazima, tukawasha. Mwisho tukarudi mjini mwendo wa harusi, paa limesimama, mimi nina zabibu mapajani, suruali imegeuka divai.

NEEMA: [anacheka sana] Na fundi?

YOHANA: Fundi wa kwanza akasema ni fyuzi. Wa pili akasema ni pampu. Wa tatu akaligusa akasema yeye anashughulika na Noah. Wiki tatu gari limelala chini ya mkwaju limefunikwa na...

NEEMA: Sema, limefunikwa na nini?

YOHANA: Na turubai la baba yako.

NEEMA: Nilitaka tu wasikilizaji wasikie.

YOHANA: Ikaja kuonekana ni uvujaji. Mafuta ya haidroliki yalikuwa yanatoka kidogo kidogo kwenye silinda moja, pampu inasukuma hewa. Raba ya shilingi chache, lakini kuipata ilibidi iagizwe.

NEEMA: Unaona? Mimi sisemi paa la chuma ni baya. Ningekuwa naishi mahali penye wakala wake na gereji yake, ningelichukua, hasa kwa vumbi hili. Nasema tu kila kitu cha kukunja kina siku yake ya kukataa kukunjika, na siku hiyo uwe karibu na mtu anayekijua.

YOHANA: Na ajabu ni kwamba hata wakubwa wenyewe wameanza kurudi kwenye kitambaa. BMW Z4 ya 2009 ilikuwa na paa la chuma, buti lita 310 likiwa limefungwa, ukifungua zinabaki 180. Iliyofuata, ya 2018, wakarudisha turubai, na buti likawa lita 281 ufungue usifungue.

NEEMA: Zabibu zinaingia.

YOHANA: Zinaingia. Mercedes SL nayo, miaka karibu ishirini ya chuma, 2021 wakaweka kitambaa, paa likapungua kilo 21. Na uzito huo unakaa juu kabisa, ndiyo unaolifanya gari lilale kwenye kona. Mpaka Ferrari, Roma Spider ya 2023, kitambaa.

NEEMA: Ferrari wanashonewa, wewe unakataa kushonewa.

YOHANA: Sikatai! Nimevurugwa tu. Hili la Vision Copen nalipenda kwa magurudumu ya nyuma, na linakuja na paa lilelile lililonipakatisha ndoo.

NEEMA: Basi chukua MX-5 ya turubai, zile za 2015 Wajapani wameshaanza kuzichoka. Usukani uko kulia, na buti lake lina lita kama 130. Ndoo moja na nusu.

YOHANA: Nusu nyingine?

NEEMA: Unapakata, si umeshazoea? Ila siku ya kulifungua usiende saa saba mchana mkajifanya mko sinema. Hapa gari la wazi ni la alfajiri na la jioni. Mchana unafunga kama watu wengine, unawasha kiyoyozi. Na vijijini kibao cha 50 unakiheshimu, trafiki na tochi yake hajali paa liko wapi.

YOHANA: Kwa mwendo wa 50 turubai wala halipigi kelele.

NEEMA: Ndiyo raha yake. Nilimuuliza baba jana, nikamwambia kuna kijana anataka gari la Kijapani la turubai, ukiletewa utaweza? Hakuniuliza hata jina la gari. Akasema mwambie alete la zamani, asilitupe hata likiwa limechanika, mimi nataka vipimo. Na akauliza umepata pa kulipaki.

YOHANA: Pale nyumbani, chini ya mwembe.

NEEMA: Mwembe una ndege, Yohana.

YOHANA: Kwani kinyesi cha ndege...

NEEMA: Kamuulize mwenyewe, mimi hilo somo limeshanichosha utotoni. Subiri, ni honi hiyo? Ni bajaji wangu. Nilimwambia asubiri nusu saa.

YOHANA: Mwambie aingie kivulini, bado tuna maswali ya wasikilizaji.

NEEMA: Aingie wapi, turubai lake limeachia upande mmoja, nimempa miadi na baba leo saa tisa. Maswali soma wewe. Kwaherini jamani!