Sauti Naisikia, Mama

BARAKA: Karibuni tena, wapenzi wasikilizaji. Mimi ni Baraka, niko na dada Zaina hapa Mbarara, Uganda. Wiki iliyopita, tukikaribia kuzima vifaa, dada alinitajia neno moja, nikamwomba aliweke mpaka leo.

ZAINA: Neno lenyewe ni "sisikii".

BARAKA: Anzia mbali kidogo, wasikilizaji wafike ulipo.

ZAINA: Tangu mwaka jana, kila Jumanne na Alhamisi, nakwenda kwenye shule moja ya msingi ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro. Mimi si mwalimu. Nakaa darasani P3, yaani darasa la tatu la msingi, kumsaidia mwalimu, najitolea. Siku ya kwanza nilihesabu watoto 118, mwalimu mmoja. Wengi wametoka Kongo, upande wa Kivu. Mle ndani mlikuwa na kijana wa miaka 12.

BARAKA: Miaka 12, P3?

ZAINA: Kwao alishafika darasa la tano, lakini alisoma kwa Kifaransa. Huku Kiingereza hana, akarudishwa nyuma. Basi kila akiulizwa swali anajibu "sisikii". Mwalimu ni Mnyankole, mwenyeji wa huku, Kiswahili chake cha kuombea maji, ila neno hilo analijua. Akaamini mtoto ana shida ya masikio. Kwa huruma kabisa akamleta dawati la mbele, akawa anampazia sauti. Mtoto anazidi kujikunyata, wenzake wanamwita kiziwi.

BARAKA: Kumbe Wakongo wakisema "kusikia"...

ZAINA: Wanamaanisha kuelewa pia! Nilikaa naye kwenye benchi, nikamuuliza polepole: kipi husikii, sauti au maneno? Akasema, "Sauti naisikia, mama. Kizungu ndiyo sisikii." Kaka Baraka, nilitoka nje nikasimama chini ya mwembe mpaka nikapata pumzi. Muhula mzima mtoto anaomba msaada kwa lugha yake, na anayemsikiliza anapokea jambo lingine.

BARAKA: Lakini si mtaala unasema madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya nyumbani?

ZAINA: Tangu 2007, ndiyo. P1 hadi P3 lugha ya eneo, P4 wanahamia Kiingereza. Sasa Isingiro lugha ya eneo ni Runyankole. Mtoto wa Kivu hana hiyo wala hicho Kiingereza. Na darasa hilohilo lina Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, na watoto wa wenyeji wa vijiji vya jirani, kwa sababu shule ni ya wote. Mwalimu afanye nini? Simlaumu hata kidogo.

BARAKA: Na hesabu? Namba si zinafanana kote?

ZAINA: Hapo ndipo niliposhangaa zaidi. Mtoto aliyesoma Kongo akiandika moja, anaiwekea mkia mrefu juu, na saba anaikata kistari katikati. Huku ile moja yake inasomwa saba. Nusu anaandika 0,5 kwa mkato, sisi tunaweka nukta. Kugawanya ndiyo kabisa, kigawanyo anakiweka upande wa kulia. Nilikuta daftari limejaa alama nyekundu za makosa, jibu baada ya jibu, na majibu mengi yalikuwa sahihi. Nilimwonyesha mwalimu wakati wa mapumziko. Alilichukua daftari, akalipitia upya ukurasa kwa ukurasa, akasahihisha kwa mkono wake. Namheshimu sana kwa hilo.

BARAKA: Ngoja nikubane kidogo, dada. Ukiwatafsiria kila kitu, hicho Kiingereza watakijua lini? Mtihani wa P7, ule wa kumaliza msingi, hautakuwa na mama wa kutafsiri.

ZAINA: Umenishika, kwa sababu nilikosea hapohapo. Mwezi wangu wa kwanza pale nilitafsiri kila sentensi. Watoto wakaacha kumtazama mwalimu, wakawa wananitazama mimi. Ilibidi nibadilike. Sasa mwalimu akisema, nanyamaza. Nangoja. Nikiona macho yamepotea, nachuchumaa karibu na dawati, natoa neno moja tu la Kiswahili, kisha mtoto arudie lile la Kiingereza mwenyewe. Mchana nakaa na watano au sita, tunasoma kwa sauti, kila mmoja mstari wake.

BARAKA: Msikilizaji anayetaka kuanza afanyeje?

ZAINA: Amwone mwalimu mkuu kwanza, na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, mkononi. Ndani ya makazi, wasimamizi ni Ofisi ya Waziri Mkuu, nako lazima ajulikane. Achague siku anazoziweza kweli. Ukikosa Alhamisi mbili, kuna mtoto anakaa anaangalia mlango. Na fimbo asiiguse, hata akipewa. Sheria ya watoto, kwa marekebisho ya 2016, imeikataza shuleni.

BARAKA: Yule kijana yuko wapi sasa?

ZAINA: Walimpima tena masomo mwanzoni mwa mwaka, akapandishwa P5. Wakati wa uji anakuja mwenyewe P3 kuwasomea wadogo. Akikuta mtoto anasema "sisikii", anamgeukia mwalimu na kumweleza kwa Kiingereza.

BARAKA: Alhamisi mimi niko huru.

ZAINA: Saa kumi na mbili asubuhi tukutane stendi. Uje na penseli, na vichongeo vingi uwezavyo. Wanachonga kwa wembe, vidole vimejaa makovu.