Kinachookotwa Mwezi Huu: Mhadhara kwa Wazazi Kabla ya Likizo ya Juni

Asalamu aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Na ambao sijawafikia kwa salamu zote mbili, hamjambo?

Wakubwa zangu mliomo humu, shikamooni. Wadogo, marahaba, hata kama hamjaniamkia. Nimepewa dakika arobaini, na mwalimu mstaafu akishikishwa kipaza sauti arobaini hugeuka sitini. Mwenye saa anikate.

Nimeombwa tuzungumze juu ya kazi za mikono za kufanya na watoto likizo hii bila kutoboa mfuko. Naomba nianze na aibu yangu. Mwaka juzi mjukuu wangu alinionyesha video kwenye simu, mtu anatengeneza nyumba ya ndege. Nzuri, rangi tupu. Nikasema, hii itatushindaje? Tukashuka mjini. Karatasi za rangi, gundi ya kuyeyusha kwa umeme pamoja na kile kibastola chake, vijiti vya aiskrimu vipya kabisa ambavyo hakuna aliyelamba aiskrimu yake, na pambo la kumetameta. Tuliporudi nikapiga hesabu: shilingi 23,000. Kwa fedha ile kuku wa kienyeji yumo, na mchele wa kumlia. Na ile nyumba hakuingia ndege hata mmoja. Walikuja kunguru, wakabandua pambo, wakaenda nalo.

(Vicheko.)

Mnacheka, lakini ndivyo wengi tunavyofanya. Tunaanza na picha, kisha tunahangaika kutafuta vitu vya kuifikia. Sisi utotoni hatukukaa kujiuliza leo tutengeneze nini. Kitu kilikuwa pale chini, kimeanguka, kimekauka au kimetupwa, mkono ukakifuata. Msimu ndio uliotugawia kazi, kama mnyapara. Kwa hiyo nitakayosema leo yote yanatokana na neno moja: tazama mwezi huu kunaokotwa nini, uanzie hapo. Shughuli ikikutuma dukani kwa zaidi ya kibunda cha uzi, huenda umeifanya mwezi usio wake.

Sasa, mwezi huu ni wa kusi. Wavuvi mliomo humu mnaijua kuliko mimi. Kwenu ni mateso, kwa mtoto ni neema. Mvua za masika zimekatika, upepo unatoka kusini na unavuma kutwa bila kubadili mawazo, hadi Agosti na zaidi. Kaskazi ya Desemba mpaka Februari nayo hurusha tiara, si vibaya. Ila Machi, upepo ukiwa unageuka, mtoto atakimbia na tiara mpaka alale na viatu, na haitapanda.

Nasema tiara, mzazi anayeiita kishada asinigombeze, ni kitu kile kile.

Nimekuja nayo moja, mtaiona vizuri mkisogea. Mifupa yake ni chelewa. Msichomoe kwenye ufagio wa nyumbani, mtaniletea ugomvi. Kuti lililoanguka linatosha watoto kumi. Chelewa ina siri moja ambayo ilinichukua miaka kuijua. Huku shinani ni nene, huku nchani ni nyembamba. Ukiikunja upinde ikiwa peke yake, upande mwembamba hukubali na mnene hukataa, tiara inazaliwa na bega moja chini. Itavutwa upande huo huo maisha yake yote. Dawa yake: chukua chelewa mbili, zilaze kinyume, shina la hii kwenye ncha ya ile, uzifunge uzi sehemu tatu. Sasa upinde unakunjika sawa kwa sawa. Ule mti wa katikati, unaosimama wima, chelewa moja nene inatosha.

Karatasi ni gazeti. Kata mraba wa shubiri mbili, usimamishe kwa kona. Mti wima utoke kona ya juu hadi ya chini. Upinde utoke kona ya kushoto hadi ya kulia, mgongo wake ukielekea juu. Gundi ni uji. Vijiko viwili vya unga wa muhogo au wa ngano, nusu kikombe cha maji ya baridi, koroga mabonge yote yaishe kwanza, ndipo ubandike kwenye moto mdogo. Usiondoke hapo. Utaona weupe unatoweka, uji unang'aa kama kioo na kuvutana na mwiko, epua. Kaushia tiara kivulini, maana juani karatasi hujikunja kama dagaa. Na usiku usiiache juu ya kabati. Mende wanaupenda huo uji kuliko watoto wanavyopenda tiara.

Mkia ni kanga iliyokwisha, ichanwe vipande, viungwe hadi vifike kama mara tano ya urefu wa tiara. Hapo ndipo mtoto anapofanya sayansi bila kujua jina lake. Tiara ikizunguka kama pia, mkia ni mfupi, ongeza kipande. Ikipanda kivivu na kukaa chini chini, mkia umezidi, punguza. Mwache aongeze na kupunguza mwenyewe, hata mara nane. Tiara ya kwanza niliyofanya na yule mjukuu niliitengeneza yote mimi, maana mkono wake ulinikera, uji ukimtiririka hadi kwenye kiwiko. Ilipaa vizuri sana. Nikageuka nimwonyeshe, simwoni. Yuko nyuma ya nyumba anachezea uji uliobaki.

Uzi: fumua kiroba cha sandarusi, nyuzi zake ni nyepesi na haziozi. Zungushia kwenye kopo, mtoto asivingirishe kidoleni, upepo ukivuta uzi hukata. Nyaya za umeme sitaki mjadala. Rusheni ufukweni au uwanjani, mbali na nguzo. Na tiara ikinasa, imekwenda, tunatengeneza nyingine. Mtoto asipande, asichokoe kwa fimbo. Uzuri wa tiara ya gazeti ni kwamba haiumi kuiacha.

Baba mmoja pale mbele ananyoosha kidole kuhusu katani. Ndiyo, katani ni nzito kwa tiara, lakini tuko Tanga, hatuwezi kuiacha. Mnajua mkonge si mwenyeji. Uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani, Richard Hindorf. Alikuja na miche elfu moja, ikafika hai sitini na miwili, na mashamba yote mliyopita njiani kutoka Muheza ni wajukuu wa hiyo sitini na miwili. Mkonge huchanua mara moja tu ukafa. Ule mlingoti wake ukikauka unakuwa mwepesi kama boya. Kwa kisu cha jikoni na mkubwa pembeni, mtoto anachonga mashua ikaelea kweli. Au magari: ukate vipande vya duara, hayo ni magurudumu. Nani hapa hakuwa na gari la kopo lenye magurudumu ya kandambili na kisoda katikati? Naona mikono. Hao hao leo wananunua gari la plastiki linalokatika mhimili kabla halijafika nyumbani.

Kamba ya katani kazi yake ni mpira. Zamani tulifunga mifuko ya rambo, moto kidogo, kamba juu. Mifuko ile ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019 na mimi sina msiba nayo, moshi wake ulikuwa sumu. Chukua soksi iliyofiwa na mwenzake, ijaze matambara mpaka ikaze, kisha isukie wavu wa katani. Haurushwi mbali kama wa dukani. Lakini ndani ya ua huo ndio uzuri wake, vioo vinapona.

Julai na Agosti mahindi yanavunwa, magunzi yako kila mahali. Mabinti mnajua, mtoto wa gunzi na kipande cha kanga. Mwenye bahati ya hindi bichi humsuka nywele zake, mistari mitatu, na siku ya pili zimenyauka, anasukwa mwingine. Sina la kuwafundisha hapo.

Desemba nayo nitapita haraka. Watu wanahangaika na miti ya plastiki wakati barabarani mkrismasi umechanua wekundu mtupu. Mimi huangalia yale maganda yake marefu, meusi, ya msimu uliopita, yaliyobaki juu yananing'inia kama mapanga. Yakikauka mbegu zinacheza ndani. Ni kayamba tayari, huhitaji hata kulitoboa. Watoto kumi na maganda kumi, mkesha mzima umepata ngoma. Jirani ndiye atakayelipia, kwa usingizi.

Iddi sasa. Iddi haina msimu, ina mwezi wake angani. Kila mwaka inarudi nyuma kama siku kumi na moja, kwa hiyo mtu akijaliwa miaka thelathini na mitatu ameila kwenye kusi, kwenye vuli, kwenye kaskazi na kwenye matope. Kwa watoto jambo langu ni moja, hina. Majani ya mhina yaliyokaushwa na kutwangwa, yachekechwe kwa kitambaa, yakandwe kwa maji ya ndimu, yalale usiku. Wachoreane wenyewe kwa njiti ya kiberiti, maua yapinde, yasiwe sawa, hakuna anayekwenda kuolewa. Lakini piko hapana. Nasema kwa sauti: piko hapana. Ule weusi ni kemikali, nimeona mkono wa mtoto umetoka malengelenge kwa umbo lile lile la ua alilochorwa. Hina ya kweli ni ya rangi ya kahawia au chungwa. Ukiuziwa "hina" nyeusi tii inayoshika kwa dakika chache, mpe muuzaji salamu upite.

Mvua. Hapa ndipo wazazi wengi wanaposhindwa na simu kushinda. Masika ikikaza, watoto wako ndani, na ndani kuna nini cha kuokota? Trei za mayai. Muuza chipsi wa mtaani kwenu anazitupa rundo kwa rundo.

Bao la kiswahili lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane. Trei ina mashimo 30, tano kwa sita. Yaani limekosa mawili tu, nadhani kuku hawakushauriana na wazee wa kijiweni. Kwa hiyo utataka trei mbili. Ya kwanza kata safu nne za sita sita. Ya pili kata kipande cha nne kwa mbili, kiunge ubavuni kwa uzi na ule uji wetu. Vile vichwa vinavyochomoza katikati ya mashimo vikate, vinazuia vidole. Kete ni 64. Mwenye kufika ufukweni aokote komwe, zile mbegu za kijivu, ngumu, za kwenye miiba. Asiyefika atumie maharage, ila ahesabu kabla na baada, maana yanaliwa na panya na pia na wanaoshindwa.

Mkianza mchezo, kila mmoja ana kete 32. Sita zinakaa kwenye nyumba, lile shimo kuu la safu yake ya mbele, mbili mbili kwenye mashimo mawili yanayofuata kulia kwa nyumba, ishirini na mbili zinabaki mkononi za kunamua, yaani kuingizwa ubaoni moja moja. Mtoto wa miaka minane akishaelewa namua na takata, yaani kusambaza kete bila kula za mwenzako, usimchezee kwa kumwonea huruma. Mimi wa kwangu sasa hivi ananifunga, na ananifunga huku anaimba, ndilo linaloniuma.

Naona nimebakiza dakika tano. Kuna karatasi ya swali imeletwa, naisoma: "Mwalimu, mimi nauza mboga, natoka alfajiri narudi usiku. Hizo tiara nitazifunga saa ngapi?"

Dada, swali lako ni zito kuliko mhadhara wangu. Sitakuambia tafuta muda, huo hauokotwi. Nitakuambia nilichokiona kwa mama yangu, ambaye naye alikuwa na genge. Mama hakuwahi kukaa chini akasema sasa tunafanya kazi ya mikono. Alikuwa na ukili kwapani, ule mkanda wa kusukia mkeka, kutwa. Mteja akiondoka, anasuka vidole vinne. Mteja akija, anauweka. Sisi watoto tulipewa kazi ya kumchambulia ukindu, mwembamba huku, mpana huku, na aliyekuwa mkubwa alipewa ukili wake mwenyewe wa miyaa minne, mbovu, umekwenda upogo. Haukufumuliwa. Jioni aliupima kwa mikono, pima moja, pima moja na nusu, akasema tu umefika wapi, akauviringisha juu ya wake.

Ulipofika urefu aliokuwa akiutaka aliushona kwa shazia, ile sindano kubwa ya mikeka, wake na wetu pamoja, mkeka mmoja. Ule mkeka ninao. Ukiutandika unauona mstari wangu, uko karibu na ukingo, umepinda kama njia ya ng'ombe.

Haya, mwenye kutaka kuona chelewa zinavyofungwa anifuate barazani, uji uko kwenye sufuria na kuti nimelileta. Nyanyueni viti polepole, kuna mtoto amelala huku nyuma.