Koo Lipi Linahitaji Penisilini?

Wazazi, na ninyi wahudumu wa afya wa vijiji, karibuni. Leo tuzungumze juu ya koo, kwa sababu hapa Uganda bado tunazika vijana kwa ugonjwa wa moyo ulioanzia kooni, na dawa ya kuuzuia ipo.

Makoo mengi yanayouma yanaletwa na virusi. Mtoto anakohoa, makamasi yanatiririka, sauti imekauka. Huyo antibiotiki haimsaidii kitu. Mpe panadol, miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito wake, kila baada ya saa 6, isizidi mara nne kwa siku. Aspirini asipewe. Anywe vya kutosha, na aliyevuka mwaka mmoja aweza kulamba asali.

Koo la bakteria wa streptokokasi lina sura yake. Humshika zaidi mtoto wa miaka 5 hadi 15, ghafla, kwa homa, bila kikohozi. Mkalishe akielekea dirishani, washa tochi, kandamiza ulimi kwa mpini wa kijiko. Usiusukume nyuma sana, atatapika. Je, mafindofindo yamevimba na yana madoa meupe ya usaha? Papasa shingo kwa mbele, chini ya pembe ya taya: kuna tezi inayouma ukiigusa? Dalili hizo zikikutana, twende kituo cha afya.

Lakini mtoto anayetokwa udenda, asiyeweza kumeza mate, au anayevuta pumzi kwa mlio, msimtie kijiko mdomoni kabisa. Njia ya hewa yaweza kuziba pale pale. Mwacheni akae anavyotaka, mkimbizeni hospitali.

Kituoni atachomwa penisilini ya benzathini mara moja tu, msulini: yuniti 600,000 akiwa chini ya kilo 27, yuniti 1,200,000 akifikia kilo hizo au zaidi. Mwambieni muuguzi kama penisilini iliwahi kumdhuru. Au atapewa amoksilini siku 10. Mtoto wa kilo 20 atameza vidonge viwili vya miligramu 250 asubuhi na viwili jioni; hesabuni, ni vidonge 40. Hapa ndipo tunapokwama. Mzazi ananunua 10 dukani, siku ya tatu koo limetulia, dawa inaachwa, na bakteria wamebaki. Septrin nayo, tunayoipenda sana, haiwaondoi bakteria hawa kooni.

Wiki mbili au tatu baadaye kinga ya mwili, iliyoamshwa na bakteria wale, hugeukia viungo na milango ya moyo. Goti linavimba, likipoa kifundo cha mguu kinaanza. Msiseme mtoto anakua. Mpelekeni apimwe moyo. Ugonjwa huu wa moyo ukigunduliwa mapema kuna la kufanya: utafiti wa Gulu uliochapishwa 2021 ulionyesha kwamba sindano ya penisilini kila wiki 4 inapunguza sana hatari ya madhara ya mwanzo kuendelea kwa watoto.

Mwisho, kimeo. Kukikata hakutibu kikohozi wala kutapika, kwa sababu si kimeo kinacholeta kikohozi. Wembe ule unaleta damu isiyokatika, usaha na pepopunda. Mtoto aliyekwisha kukatwa asifichwe kwa aibu: aletwe siku hiyo hiyo, tuangalie damu na kadi yake ya chanjo.