Mahale unaenda kwa boti, ila mafua yaache nyumbani

Shikamooni wazee, na nyie vijana wa huko nyuma mambo. Najua hapa Tanga ukitaja hifadhi watu mnawaza Saadani, gari linaingia mpaka ndani unaangalia wanyama hujashusha hata kioo. Mahale, ile hifadhi ya sokwe kando ya Ziwa Tanganyika, sio hivyo, kule ndani hakuna barabara kabisaa, ni boti halafu miguu yako.

Unafika Kigoma kwanza, kwa treni au ndege kwa mwenye nazo, hapo unashika boti kuelekea kusini na Ziwa Tanganyika jamani msilichukulie poa, kina kinafika mita 1,470, upepo ukichafuka hata mvuvi wa Pangani atatulia. Na mlima unaanzia palepale ufukweni, kilele cha Nkungwe ni mita 2,462, Watongwe ambao ndo wenyeji wanauheshimu sana maana mizimu yao iko kule.

Sasa sokwe, si ndo mlichokuja kusikia. Wajapani wa Chuo Kikuu cha Kyoto walianza kuwatafiti 1965, hifadhi yenyewe ikaja 1985, kwahiyo kuna kundi limezoea watu kiasi kwamba anakupita hapo karibu wala hana habari na wewe. Wageni wanafurahi, mimi hapo ndo naogopa, kwasababu akikuzoea anavuta na pumzi yako. Mwaka 2006 ugonjwa wa kifua ulipita pale ukaua sokwe kadhaa, na vipimo vikaonyesha kirusi chenye undugu na cha binadamu. Ndo maana unavaa barakoa, unakaa mita 10, saa moja imeisha mnaondoka. Ukiwa na mafua hupandi, hata kama nauli umekopa, na mi naona ni haki kabisa.

Halafu wana dawa zao eti! 1987 Mzee Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe, askari wa wanyamapori na mganga, alikuwa na mtafiti Michael Huffman wakamwona sokwe jike mgonjwa anatafuna kiini kichungu cha shina la mjonso, kamti ka dawa, kesho yake kachangamka. Watongwe nao wanautumia huohuo kwa tumbo, sasa nani kamfundisha mwenzake hapo mtajua wenyewe.

Mama hapa mbele kauliza aende lini. Kiangazi mama, hasa Agosti mpaka Oktoba, sokwe wanakuwa wameshuka chini hupandi sana. Bei tuongee nje maana zinabadilika.