Dada wa ofisi ya chuo aliyeingia bungeni huku Maine

Asalaam aleikum jamani, habari za nyumbani, Mombasa, Garissa, Nairobi, popote mlipo. Niko ndani ya gari hapa Lewiston, mji wa jimbo la Maine, Marekani, hita nimeifungulia yote lakini vidole bado vina ganzi, na kabla sijaingia shifti ya usiku kuna mtu nataka niwaelezee, maana mwaniuliza kila siku huko Marekani mwanamke mweusi, tena Muislamu, tena mgeni, anaingiaje kwenye siasa kama hana hela. Haya, mmoja huyu hapa, anaitwa Mana Abdi.

Mana amezaliwa kaskazini mwa Kenya, familia ya Kisomali, wakaja hapa Lewiston 2009. Akasoma, akaenda University of Maine kule Farmington akamaliza 2018, halafu akaja kufanya kazi Bates College, ofisi inayoshughulika na wanafunzi wa tamaduni tofauti tofauti, akawa mratibu wa programu. Sasa mkisikia mratibu msifikirie ni kukaa kwenye kiti cha kuzunguka na sekretari mlangoni. Hizo kazi nazijua kwa sababu moja yao ndiyo iliyoniokoa mimi. Nilipofika huku nilijiandikisha koleji moja ndogo, nikaambiwa jina langu limefutwa kwenye masomo sababu ya karatasi moja ya chanjo, nikatumwa dirisha hili, nikatumwa lile, mpaka ile fomu mkononi nilikuwa nimeikunja imekuwa kama kipande cha sabuni. Mama mmoja wa ofisi kama ya Mana akaichukua, akainyoosha kwa kiganja juu ya meza polepole, akapiga simu tatu, halafu akavaa koti lake tukatoka naye kwenye theluji mpaka jengo la pili. Hakuniambia "nenda", alinipeleka. Wallahi sijamsahau.

Ndiyo maana mtu akiniambia Mana hakuwa na uzoefu wa siasa mimi nakataa kabisa. Ukishinda miaka unasikiliza vijana wa watu wanaolia kwenye ofisi yako, unajua mlango upi unafunguka na upi unabaniwa, unajua sheria gani inamkwamisha mtoto wa maskini, sasa uzoefu mwingine ni upi jamani?

Na hiyo Bates yenyewe ina historia. Ilianzishwa 1855 na watu waliopinga utumwa. Halafu Wasomali walipoanza kuhamia mji huu 2001, mwaka uliofuata meya wa wakati ule akaandika barua ya wazi kwa wazee wa Kisomali, wawaambie ndugu zao wapunguze kuja, mji umelemewa. Barua ikasambaa nchi nzima, wabaguzi wakaona nafasi, wakapanga mkutano wao hapa Januari 2003. Siku ile wabaguzi walitokea kama 30 hivi, na upande wa pili watu zaidi ya 4,000 wakajaa pale pale Bates na baridi yote ile kusema hawa ni majirani zetu. Mimi sikuwepo, lakini wazee wa Lisbon Street, kule kwenye maduka yetu ya baibui na sambusa, wakikusimulia siku hiyo machozi yanawalenga. Na Mana wakati huo mtoto mdogo tu, yuko Kenya, hajui kama ipo siku atakuja kuajiriwa pale pale.

2022 akagombea Baraza la Wawakilishi la jimbo. Mpinzani wake alishawahi kuandika mtandaoni kwamba Waislamu wasiruhusiwe kushika nyadhifa za umma, halafu Agosti huyo mpinzani akajitoa. Novemba Mana akashinda, yeye na Deqa Dhalac wa South Portland wakawa Wasomali wa kwanza kwenye bunge la Maine, na 2024 akachaguliwa tena. Masha'Allah.

Sasa hili si lile bunge la Washington, naomba tuelewane. Ni la jimbo, Baraza lina watu 151 na kila mmoja anawakilisha kama watu 9,000, yaani kwa hapa mjini ni mtaa ambao waweza kuumaliza kwa miguu ukiwa na viatu vizuri. Kipindi ni miaka 2, mwisho vipindi 4 mfululizo, na malipo ni madogo hivyo wengi wana kazi nyingine. Ila lililonishangaza zaidi ni hela za kampeni, mgombea wa Baraza akitaka anakusanya michango 60 ya dola 5 kila mmoja kutoka kwa wapigakura wake, basi jimbo linamgharamia kampeni. Dola 5! Nyumbani tunauliza kwanza huyu ana gari ngapi.

Na niliwahi kwenda Augusta, mji ambao bunge hilo linakaa, na wenzangu wa kazini, kulikuwa na mswada unaohusu malipo yetu sisi tunaotunza wazee. Chumba kidogo, meza imepinda kama kiatu cha farasi, wabunge wameizunguka, wewe unapewa kipaza sauti na dakika 3. Mwenzangu Mkongo wa Bukavu karatasi ilikuwa inamtetemeka mkononi mpaka inasikika kwenye vipaza sauti, na mbunge mmoja mzee akaacha kuandika, akamuuliza taratibu, mama, nauli ya kwenda kazini yakugharimu kiasi gani kwa wiki? Akajibiwa, akaiandika. Katiba yetu ya 2010 nayo yasema bunge lishirikishe wananchi, kifungu cha 118 kisomeni, ni haki yenu.

Sasa najua kuna dada ananitazama, yuko dirisha la usajili kwenye chuo fulani Garissa au Kwale, kutwa nzima anawanyooshea watoto wa watu fomu zilizokunjika. Nakuuliza wewe, wale uliowasaidia mwaka huu peke yake, ushawahi kuwahesabu? Wahesabu halafu niandikie idadi. Haya, saa tano kasorobo, naingia kazini.