Milimita 40 za Soli, Lita 150 za Maji ya Barafu

ATIENO: Karibuni kwenye kipindi, tuko hapa Kisumu. Leo ni viatu vya mbio na joto la mwilini, na Barasa ameomba kuanza na viatu.

BARASA: Naanza navyo kwa sababu watu wanadhani mjadala wa viatu vya soli nene ulifungwa Januari 2020. Shirikisho la Riadha Duniani lilisema soli ya kiatu cha barabarani isipite milimita 40, na ndani yake kusiwe na zaidi ya bamba moja gumu. Ngazi za juu, kanuni inauma kweli. Septemba 2021 kule Vienna, Derara Hurisa wa Ethiopia alimaliza marathoni wa kwanza kwa saa 2:09:22. Kukagua kiatu, soli ina sentimita 5. Akaondolewa, ushindi ukamwendea Mkenya Leonard Langat aliyekuwa nyuma yake kwa sekunde 3. Sasa shuka uje mbio za vijana Kakamega au Bungoma. Mmoja ana kiatu cha zaidi ya shilingi 30,000, wa pili raba ya mtumba iliyolika upande mmoja, wa tatu miguu mitupu. Wote wanapangwa mstari mmoja, na nafasi ya kuonwa na kocha ni moja.

ATIENO: Kabla hatujasema kiatu kinawaonea wengine, tueleze kinafanya nini. Kazi kubwa ni ya povu, si ya bamba. Vipimo vya Chuo Kikuu cha Colorado kwa kiatu cha kwanza cha Nike cha aina hii vilionyesha povu likirudisha asilimia 87 ya nguvu inayolikandamiza. Povu la kawaida la EVA lilirudisha kama 66. Wakimbiaji 18 wakapunguza matumizi ya nguvu kwa wastani wa asilimia 4. Baadaye watafiti wengine walilikata bamba ndani ya kiatu likabaki vipande, wakapima upya, na tofauti haikufika hata asilimia 1.

BARASA: Lakini asilimia 4 hiyo ni wastani.

ATIENO: Na wastani huficha watu. Mwaka 2023 ulichapishwa uchunguzi uliowahusisha Wakenya 7 wa kiwango cha dunia. Ukilinganisha viatu hivi na kile chepesi cha soli nyembamba, kuna aliyepata nafuu ya asilimia 11.4, na kuna aliyepata hasara ya asilimia 11.3. Wote ni wakimbiaji wakali. Kwa hiyo kijana anayekopa pesa za chama anunue kiatu anaweza kuwa amelipia kitu kinachomrudisha nyuma, na hatajua, kwa sababu maabara ya kumpima haiko karibu naye.

BARASA: Hoja hiyo inanisaidia mimi. Kama kiatu kinaweza kumbeba mmoja na kumwangusha mwingine kwa kiasi hicho, basi kwenye mbio za kuchagua vipaji unachagua viatu. Pendekezo langu: mbio zote za chini ya miaka 18, za shule na za kaunti, bamba lisiruhusiwe kabisa, na soli isipite milimita 20, sawa na kikomo cha viatu vya uwanjani tangu Novemba 2024.

ATIENO: Nani atapima? Kwenye mbio za shule mwamuzi ana filimbi na saa tu.

BARASA: Kupima si kugumu. Kanuni inataja sehemu mbili: katikati ya kisigino na katikati ya sehemu ya mbele. Unahesabu urefu wa ndani wa kiatu kutoka nyuma; asilimia 12 ni kisigino, asilimia 75 ni mbele. Kiatu chenye milimita 270 ndani, unapima kwenye milimita 32 na kwenye 203. Unahesabu soli nzima, pamoja na ile tabaka ya ndani inayotoka. Mafundi wa jua kali wana kalipa. Bamba ndilo gumu kulitambua; hapo unaanzia kwenye orodha ya viatu vilivyoidhinishwa, ambayo shirikisho limeiweka wazi mtandaoni, ingawa vyenye bamba moja navyo vimo.

ATIENO: Hapo sikubaliani nawe, Barasa, na nitasema waziwazi. Ukimvua yule wa kwanza kiatu chake, wa tatu bado ana miguu mitupu kwenye kokoto. Umepunguza tofauti, hujamvika mtu.

BARASA: Kuogelea walipunguza na mchezo haukufa. Mashindano ya dunia ya Roma 2009 yaliona rekodi 43 za dunia zikivunjwa, kwa sababu ya mavazi ya plastiki yaliyokuwa yakielea. Kuanzia Januari 1, 2010 yakapigwa marufuku: mwanamume kiunoni hadi magotini, mwanamke mabegani hadi magotini, kitambaa cha kawaida tu. Walichokosea ni kuziacha rekodi zile kwenye vitabu, ikabidi watoto waliofuata wazikimbize kwa miaka.

ATIENO: Sawa, hiyo nakupa. Tena kuna sababu ya kiafya inayokuunga mkono kwa vijana. Madaktari waliandika mwaka 2023 kuhusu wakimbiaji watano waliopata nyufa kwenye mfupa wa navikula, ule mdogo ulio juu ya upinde wa mguu, wakiwa wanatumia viatu vya bamba. Watano ni wachache, hawathibitishi kwamba kiatu ndicho kilichosababisha. Ila mfupa huo unapona polepole mno, na mfupa unaokua haufai kujaribiwa nao. Mtu mzima anayevianza avivae mara moja kwa wiki, mazoezi mafupi ya kasi, kwa wiki kadhaa kabla ya mbio. Akisikia maumivu juu ya mguu yanayoongezeka akiruka kwa mguu mmoja, asimame na apigwe picha.

BARASA: Na wa mtumba?

ATIENO: Povu la PEBA, lile jepesi la viatu hivi, likizidi mamia ya kilomita linazeeka, hata kama ngozi ya juu inang'aa. Weka kiatu mezani, ukitazame kutoka nyuma. Kikiinama upande, povu limelala, na soli nene iliyolala inaweza kutegua kifundo cha mguu kwenye barabara ya marramu. Afadhali raba nyembamba nzima.

BARASA: Haya, joto.

ATIENO: Hapa ndipo pana roho za watu, na ndipo pesa haziendi. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya bahari, Iten kama 2,400. Mkimbiaji anashuka kutoka kwenye baridi kavu anakuja kwenye hewa nzito ya ziwa, na jasho linachuruzika badala ya kukauka. Jasho lisilokauka halipoozi mwili. Mwili unahitaji siku 10 hadi 14 kuzoea. Wengi wanafika jioni ya kuamkia mbio.

BARASA: Doha 2019 walijaribu kulikwepa jua. Marathoni ya wanawake ilianza karibu saa 6 usiku, na bado kati ya 68 walioanza, 28 hawakumaliza. Mkenya aliyeshinda alitumia saa 2:32:43.

ATIENO: Kwa sababu giza haliondoi unyevu. Ndiyo maana kipimo kinachofaa si kile cha simu. Kuna kipimo kiitwacho WBGT kinachochanganya vipimajoto vitatu: chenye kitambaa kilicholowa kinabeba asilimia 70 ya jibu, cha tufe jeusi linalopokea jua asilimia 20, cha kawaida asilimia 10. Jibu likipita nyuzi 28, mwongozo wa madaktari wa michezo wa Marekani ulishauri mbio zisianze. Nyuzi 24 ya simu na unyevu mwingi haikwambii lolote.

BARASA: Mtu akianguka?

ATIENO: Ukimkuta anapepesuka, anaongea ovyo, anataka kupigana au hajui yuko wapi, chukulia ni kiharusi cha joto hadi kipimo kiseme vinginevyo. Kipimo ni cha njia ya haja kubwa. Kwapani na kwenye paji la uso vinadanganya kwa mtu aliyekimbia, na hapo ndipo watu hufa wakiambiwa wana nyuzi 38. Zaidi ya 40 na akili imevurugika, anaingia kwenye maji ya barafu palepale. Anapoozwa kwanza, gari la wagonjwa baadaye. Kosa kubwa ni kumpakia kwenye gari, kumwagia chupa mbili kichwani, na kukwama kwenye foleni. Una nusu saa tangu aanguke kumshusha.

BARASA: Vifaa?

ATIENO: Pipa la lita 200 lililokatwa kwa urefu, kama lile la kunyweshea ng'ombe, na kingo zake zifunikwe kwa mpira wa maji uliopasuliwa ili zisimkate. Nusu ya pipa ni fupi kwa mtu mzima, kwa hiyo unganisha mawili, au tumia turubai: watu wanne wanashika pembe, mnamimina kama lita 150 za maji na barafu, mnayatikisa. Mmoja anapitisha shuka chini ya kwapa zake ili kichwa kisizame. Maji yakorogwe bila kuacha, maana yanayotulia karibu na ngozi yanapata joto. Mwili hushuka kama digrii 1 kila dakika 5. Mtoe akifika 39, la sivyo atashuka mno.

BARASA: Barafu hapa hatuwezi kusema haipo. Wachuuzi wa mbuta wanaitumia kila siku.

ATIENO: Agiza ile ambayo haijagusa samaki, ifike kabla ya mbio kuanza, na ikae kwenye maboksi yenye kifuniko. Weka kituo kimoja kwenye mstari wa kumalizia na kingine kilomita chache kabla yake, pale wanapoanza kusukuma kwa nguvu ya mwisho. Na usimlazimishe kunywa aliyechanganyikiwa. Marathoni ya Boston 2002, wakimbiaji 488 walipimwa damu na asilimia 13 walikuwa na chumvi pungufu kwa kunywa kupita kiasi. Huyo naye anachanganyikiwa, lakini joto lake halijapanda, na ukimwongeza maji unamuua.

BARASA: Kwa hiyo kipimajoto kinatangulia chupa.

ATIENO: Kila mara. Na bei ya turubai, kipimajoto na barafu ya asubuhi moja haifikii bei ya jozi moja ya viatu vyako. Mwandalizi yeyote akitaka kibali cha mbio hapa, kaunti imuulize beseni liko kilomita ya ngapi kabla ya kumuuliza zawadi ni shilingi ngapi.

BARASA: Nakubali, na bado nataka bamba liondolewe kwenye mbio za watoto.