Hamira na Ugonjwa wa Parkinson: Kazi ya Susan Lindquist

Ndugu wanafunzi, walimu wenzangu, na wazazi mliokuja jioni hii, karibuni sana.

Mgonjwa wa Parkinson wengi wetu tumemwona. Mkono unatetemeka hata akiwa ametulia, hatua zinakuwa fupi, uso unapoteza uchangamfu. Ndani ya ubongo wake seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayousaidia ubongo kuongoza mwendo wa mwili, zinakufa, na katika zilizobaki kuna madonge ya protini, yale aliyoyaeleza daktari Friedrich Lewy mwaka 1912. Dawa ya levodopa humpa nafuu kubwa, lakini seli zinaendelea kufa vilevile. Kinachoziua ni nini?

Susan Lindquist alilitafutia jibu swali hilo ndani ya hamira. Ndiyo, hamira hiihii tunayoumulia maandazi. Mama huyu alizaliwa Chicago, Marekani, mwaka 1949, akapata shahada ya uzamivu Harvard mwaka 1976, akafundisha Chuo Kikuu cha Chicago kwa zaidi ya miaka ishirini, na mwaka 2001 akaenda kuongoza Taasisi ya Whitehead, kituo cha utafiti wa biolojia kule Massachusetts. Utafiti wake haukuanzia kwenye ubongo. Ulianzia kwenye joto.

Protini ni mnyororo mrefu unaojikunja hadi ukapata umbo, na umbo likiharibika kazi nayo inaharibika. Tazameni ute wa yai unavyogeuka mweupe kikaangoni: hizo ni protini zilizofumuka kwa joto zikanasana. Seli hai ikipata joto kali hutoa protini za ulinzi, nazo huzishika zile zinazofumuka na kuzisaidia kujikunja upya. Lindquist alizichunguza kwanza kwa nzi wa matunda, halafu kwa hamira. Maabara yake ikaonyesha kwamba mojawapo, Hsp104, huweza hata kuyafumua madonge yaliyokwisha kushikana. Mtu aliyeyaona hayo kwa macho yake hawezi kuyatazama madonge ya Lewy asijiulize mambo.

Mtasema hamira haina ubongo. Kweli kabisa. Ila ni seli yenye kiini, na mitambo yake ya kukunja na kusafirisha protini inafanana mno na yetu.

Madonge ya Lewy yamejengwa hasa kwa protini iitwayo alfa-sainuklini, yenye asidi amino 140. Hilo lilijulikana mwaka 1997. Lindquist na mtafiti kijana, Tiago Outeiro, wakaipandikiza jeni yake ya binadamu katika hamira. Hamira iliyopewa nakala moja ilikua vizuri, na protini ikajipanga kwenye utando wa seli. Iliyopewa nakala mbili ikajaa madonge na kudumaa. Nakala moja tu ya ziada! Walichapisha matokeo mwaka 2003, na mwaka huohuo watafiti wengine wakaeleza habari za ukoo mmoja wa Marekani ambao jeni hiyohiyo imejirudia mara tatu kwenye kromosomu moja. Watu wake walipata Parkinson wangali na umri mdogo. Mimi kila nikiifundisha sehemu hii nasisimka.

Mwaka 2006 maabara ileile ikaonyesha mahali palipoziba: protini mpya zilikuwa zinakwama njiani, kati ya zinakotengenezwa na zinakopangwa kwa safari. Walipoongeza protini moja ya usafirishaji, hamira ikapona. Wakaijaribu kwa nzi, kwa minyoo na kwa seli za neva za panya, na seli za dopamini zikanusurika. Mwaka 2013 wakachukua seli za ngozi za wagonjwa wenye kasoro katika jeni hiyo, wakazigeuza kuwa seli za neva, wakakuta hitilafu ileile ya hamira. Kemikali iliyopatikana kwa kupima hamira ikaipunguza.

Lindquist alifariki kwa saratani Oktoba 2016, na dawa ya kuzuia seli zisife haijapatikana. Kazi iko wazi. Hamira hugawanyika kila baada ya saa moja na nusu hivi, chakula chake ni sukari na chumvichumvi chache, na mtu mmoja anaweza kupima kemikali nyingi bila kufuga panya hata mmoja. Vyuo vyetu vinaweza kuianza kazi hii kwa vifaa vya kawaida vya maabara ya biolojia, na miti yetu ya dawa imejaa kemikali ambazo hazijawahi kupimwa hivyo. Walio mwaka wa tatu na wangependa kujaribu, tuonane hapa mbele baada ya maswali, tupangiane siku za kuotesha hamira.